Mbegu ya Mama Mkwe Kifuani mwa Roboti

Gerson, usimwambie mtu. Nimemnywesha mama mkwe mbegu yake mwenyewe.

Mbegu, Gerson. Mbegu ya kupanda msimu huu.

Unalijua lile roboti langu dogo la plastiki ninaloliunda, lile unalolicheka. Kifua chake kilikuwa laini mno, nikataka kionekane kama bati lililopigwa ribiti, vile vichwa vya misumari vilivyopangana. Punje za ulezi zinafaa kabisa: unazigandisha moja moja kwa gundi, kisha unapaka rangi.

Jikoni nilikuta kopo la ulezi uliojaa majivu. Nikadhani ni uchafu, nikauosha. Nikachagua punje sitini zinazolingana. Uliobaki nikausaga kwa blenda, nikapika uji.

Leo mama amefika kutoka Mvumi. Nikamwamkia, nikampa kikombe. Akausifu! "Mkwe, uji huu mtamu, nani kakufundisha?" Akaomba cha pili.

Kisha akamwambia mke wangu, "Priska, nipe ile mbegu yangu, mvua imeshanyesha." Kumbe aliiacha kwetu kwa sababu kwake panya wamezidi. Majivu aliyatia yeye, wadudu wasiitoboe.

Priska akanitazama mimi. Mama akatazama kikombe. Halafu akaliona roboti mezani, bado sijalipaka rangi. Akalichukua, akapitisha kidole kifuani, punje kwa punje.

"Baba, hizi zinabanduka?"

Ameniita baba, Gerson, kwa upole wake ule ule. Nikamjibu kwamba gundi ile haiachii.

Akaliweka chini taratibu. Akamalizia uji wote, maana, alisema, chakula hakimwagwi.