Jino Nililolificha

Mjukuu wangu Mwende,

Huku Umoja hatujambo. Nyanya yako amepaka jiko rangi tena, safari hii kijani. Umeuliza kama nami niliogopa kulazwa usingizi nilipopasuliwa. Niliogopa sana, mama.

Nilikuwa karani kijana, na karani hupenda fomu safi. Kwenye fomu ya hospitali nilijaza "hapana" kila mahali, hata walipouliza kuhusu jino lililolegea, ingawa langu la mbele lilikuwa likicheza. Daktari wa usingizi alipowasha taa yake ya kutazamia koo, nikamshika mkono.

"Daktari, jino langu linacheza."

"Bwana karani, na hapa umeandika nini?"

"Nimedanganya."

Akalifunga kwa uzi. "Lingeingia mapafuni, ningelitafuta kwa fomu yako?"

Unasema wiki ijayo madaktari watakupitishia mpira wa kupumulia kooni wakitazama kwa kamera ndogo. Nashukuru, maana yule daktari wangu alitegemea macho yake tu. Lakini kifua kinachokubana wakati wa baridi umeniandikia mimi. Wao je, umewaambia? Waambie leo, tafadhali.

Siku hiyo nitakaa kando ya simu. Ukiamka, hata sauti ikiwa imekauka, sema tu "Babu".

Babu yako