Plagi ya Tatu

3 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa na wajukuu hawakupandi kichwani huko kwa kaka. Mimi huku gereji sijambo, mikono tu ndiyo haitakati.

Nimepiga simu mara nne. Kila mara kaka anapokea, ananiambia umelala. Saa nne asubuhi, baba? Basi nakuandikia.

Leo nimemtoa Kobe bandani. Tangu uniachie gereji na kuondoka, miezi mitano sasa, sikumgusa, maana kale kagari kako ka kizee hukupenda mtu akawashe bila ruhusa. Nimechaji betri, nimetia petroli mpya, akawaka mara moja. Lakini anamisi vibaya mno, injini inaruka mapigo. Anatetemeka mpaka kioo cha pembeni kinacheza, na kilima cha sokoni anakipanda akikohoa. Nimesafisha kabureta, wapi.

Nataka nije naye nikuchukue, urudi nyumbani. Kwa hali hii hatafika hata nusu ya njia. Niambie nianzie wapi. Na kama bado umenikasirikia, nijibu habari za gari tu.

Mwanao

14 Februari

Mama,

Marahaba, binti yangu. Mguu haujambo, wajukuu wameshanigeuza farasi. Nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa umenichafulia karatasi na grisi.

Habari ya kurudi tuiache. Gereji haina haja ya mzee wa kukalia kiti.

Kila fundi anayebahatisha huanza na kabureta, na wewe sikukufundisha kubahatisha. Tazama kwanza moto wa plagi. Washa injini, kisha chomoa waya za plagi moja moja, kwa koleo lenye mpira. Ukichomoa na injini ikazidi kuyumba, pistoni hiyo inafanya kazi, rudisha waya. Ukichomoa na sauti isibadilike, umempata mvivu wako. Plagi zenyewe usihangaike nazo, ni mpya, nilizifunga kwa mkono wangu siku moja kabla sijaondoka. Nikamwasha Kobe, nikamwacha akinguruma vizuri kabisa.

Baba yako

23 Februari

Baba,

Shikamoo, na pole kwa ufarasi.

Nimefanya ulivyosema. Ya kwanza, ya pili na ya nne, injini ililalamika. Ya tatu nilichomoa, sauti ile ile. Nikabadilisha waya, hakuna kitu. Basi nimekukaidi, nikafungua plagi yenyewe. Ni mpya kweli, lakini ncha zake mbili zimepindika na kugusana, hata ukucha haupiti, na pembeni ina vumbi la sakafu. Ilianguka, baba, ikafungwa hivyo hivyo.

Wewe ndiye uliyenisimamisha kazi siku nzima nilipofunga plagi iliyoanguka bila kuipima. Na kwa plagi hii Kobe hakuwa ananguruma vizuri siku ile. Alikuwa anachechemea, na mtu yeyote angesikia.

Nimekaa na plagi mkononi nikakumbuka wiki zako za mwisho hapa. Nilikuwa nakusemesha, unanipa mgongo. Nilidhani ni kwa sababu nilikubishia mbele ya mteja. Nimelia sana kwa hilo.

Baba, unanisikia?

Mwanao

6 Aprili

Baba,

Shikamoo. Wiki sita, hujaniandikia hata mstari mmoja.

Sitakuuliza tena. Nakueleza nilichofanya leo. Nimeirudisha ile plagi mbovu makusudi, nikaziba masikio kwa pamba, nikaweka kiganja mbele ya bomba la moshi. Mapigo matatu, pengo. Mapigo matatu, pengo. Nikashika boneti, nayo ikanieleza hivyo hivyo. Nikafunga plagi nzuri, pengo likaondoka. Sikusikia kitu, na nilijua kila kitu.

Nakuja Jumamosi ya tarehe 20. Ukikataa kupanda, nitahamia ndani ya Kobe hapo hapo mlangoni kwa kaka.

Mwanao

13 Aprili

Mama,

Marahaba, na asante kwa kunivumilia. Barua hii nimeichana mara tatu.

Sikio la kulia liliniaga mwaka juzi, la kushoto likalifuata. Siku ile plagi iliniponyoka. Niliiona ikibingiria, sikuisikia ikigonga saruji, nikadhani imeangukia kwenye tambara. Kaka yako nilimkataza kukwambia. Niliondoka kwa aibu, kwa sababu maisha yangu yote nimetibu magari kwa masikio. Sikukukasirikia hata siku moja. Nilipokupa mgongo, sikujua kwamba unaniita. Nisamehe, mwanangu.

Jana nimeweka kiganja kwenye gari la kaka yako, nikamwambia kuna pistoni inalala. Akabisha, kama mlivyo wote. Tukachomoa waya moja moja. Ni ya pili.

Jumamosi nitakuwa nje tangu asubuhi, na mkoba wangu na koti la kazi. Ukifika usipige honi. Usimzime Kobe. Njoo unishike mkono, uuweke juu ya boneti.

Baba yako