Siku Ishirini na Sita Uyole

Uyole, Mbeya
10 Aprili 2023

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Natumaini Pasaka imekukuta mzima na mguu unazidi kupata nguvu. Huku mimi na Enock hatujambo, isipokuwa mafua yangu ya kila mwaka.

Nakuandikia kwa sababu simu yako haipatikani tangu mnara wa huko uharibike. Mazengo, yule kondakta wa basi linalopita hapo Rungwa, amekubali kukufikishia bahasha hii mkononi. Ndiye aliyeniambia kwamba bado unatembelea fimbo na kwamba jirani yako Filipo ndiye anayekupandia miti kurina asali. Baba, una miaka sitini na saba. Umeanguka na mzinga, umevunjika mguu, na mama hayupo tena wa kukuchemshia hata maji. Nikiwaza hayo silali vizuri.

Ninaomba uhamie huku kwetu. Tuna vyumba viwili, kimoja kimekaa tu. Sikufichi, Uyole ni baridi. Mwezi wa sita na wa saba ukiongea asubuhi moshi unatoka mdomoni, na maji ya bomba yanauma vidole. Lakini baridi hiyo ndiyo inayonilisha. Ninafuma masweta ya shule kwa mama mmoja pale Mwanjelwa, na baridi ikizidi kazi inaongezeka. Hospitali iko karibu, barabara ni ya lami, na utakuwa na mtu wa kuongea naye.

Fikiria kwa utaratibu, kisha unijibu. Basi linashuka huku Alhamisi na kurudi huko Jumanne.

Ni mimi mwanao,
Aneth


Rungwa
19 Aprili 2023

Mwanangu Aneth,

Marahaba. Barua nimeipata Jumanne. Niliisoma nje kwenye mwanga, halafu nikaisoma tena. Mimi sijambo. Mguu unauma mvua inapokaribia, ikishanyesha unaacha, kwa hiyo sasa majirani wananiuliza habari za mvua kabla ya kuanika mahindi. Nimefurahi kusikia wewe na mkwe wangu hamjambo.

Kuhusu kuhama, nimemuuliza Filipo, maana alikaa Mbeya miaka miwili. Anasema huko ukungu ukishuka hata jirani humwoni mpaka saa nne, na kwamba mkaa unakula pesa kuliko tumbo. Hapa kuni naokota. Maji ni ya kisima. Nyumba ni yangu, nimeijenga na mama yako, hakuna anayekuja mwisho wa mwezi kugonga. Sasa huko mwanangu, kodi ni kiasi gani? Mkaa je? Na mzee asiye na kazi anafanya nini mchana kutwa kwenye baridi? Sitaki kuja kukukalia kama mgeni asiyeondoka.

Lakini na mimi sikufichi. Huu ni mwaka wa tatu tangu mama yako Scholastika afariki, na bado nasonga ugali wa watu wawili. Mkono umezoea. Unaobaki nawapa mbwa wa Filipo. Siku nyingine jua linazama sijatamka neno hata moja tangu asubuhi, na nikija kumsalimia mtu sauti inatoka imekwaruza.

Niandikie hayo niliyouliza.

Baba yako,
Gaspari


Uyole, Mbeya
1 Mei 2023

Baba,

Shikamoo. Nimesoma kuhusu ugali nikashindwa kuendelea na kazi. Mama mwenye masweta aliniuliza kama nimepata msiba.

Nakujibu ukweli wote. Nyumba ni elfu sabini kwa mwezi. Gunia la mkaa ni elfu sitini, na wakati wa baridi halimalizi wiki nne kwa sababu tunaota moto jioni. Hayo ni mabaya. Lakini chakula huku ni rahisi kuliko huko. Viazi, ndizi, maharage, maziwa, vyote viko mlangoni, na mchele wa Kyela unanukia mpaka kwa jirani. Koti zito la mtumba unapata kwa elfu nane, ukijua kuchagua. Sweta nitakufumia mwenyewe. Ukiweka yote pamoja, baba, kinachoongezeka kwa kuja kwako ni kidogo. Nimepiga hesabu zaidi ya mara moja.

Mchana utaota jua. Jua la Uyole halina nguvu lakini lipo. Kuna kanisa karibu, kuna wazee wanacheza bao nyuma ya soko.

Enock anakusalimu. Siku hizi anasafiri sana kwenda Tunduma kwa ajili ya biashara, huenda usimkute.

Njoo kabla baridi haijakaza.

Mwanao,
Aneth


Rungwa
17 Mei 2023

Mwanangu Aneth,

Marahaba. Huku tuko salama, mvua zimekatika, nyuki wamepata maua ya kutosha.

Nimeamua hivi. Nitakuja nione. Si kuhama, ni kuona. Nitapanda basi la Alhamisi, tarehe moja mwezi wa sita. Filipo anasema nimechagua mwezi mbaya kuliko yote. Nimemjibu kwamba nyumba inakaguliwa wakati wa mvua. Kama nitauweza mwezi wa sita, mingine nitaiweza.

Nakuletea asali ndoo moja na karanga. Kama Enock atakuwepo, mwambie nataka kumwona, maana tangu harusi hatujakaa tukaongea.

Baba yako,
Gaspari


Rungwa
5 Julai 2023

Mwanangu Aneth,

Natumaini u mzima. Mimi nilifika salama Jumanne ile ile, saa kumi na mbili jioni.

Najua nimekukosea. Ulitoka asubuhi kwenda kazini ukaniacha kitandani, na uliporudi ulikuta kitanda kimetandikwa na karatasi yenye mstari mmoja. Mzazi haondoki hivyo. Nilijua kwamba nikikuaga utalia, na ukilia nitabaki.

Ngoja nikueleze. Ile baridi, Aneth, imenishinda. Mchana nilivaa sweta ulilonifumia, na koti juu yake, na blanketi juu ya koti, na mguu bado ulikuwa unauma kama uliovunjika jana. Niliwaendea wale wazee wa bao. Ni watu wema, walinipa nafasi. Lakini walisalimiana "ugonile", wakacheka mambo yao kwa lugha yao, wakinikumbuka wananigeuzia Kiswahili kidogo, halafu wanarudi kwao. Nikaacha kwenda. Nikawa nakaa ndani na jiko, nasikiliza saa ya ukutani. Ulikuwa unatoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa moja usiku, na kwa masaa yote hayo mkaa unaungua kwa ajili ya mtu mmoja.

Tena nimeona kwamba hununui chakula cha mchana kazini. Ulikuwa unabeba viazi vya jana kwenye mfuko ukidhani sioni. Mkaa wangu ndio uliokula chakula chako. Kwa hiyo hesabu zako hazikuwa sawa, mwanangu, ingawa ulizipiga kwa upendo.

Sweta ninalo, naliweka kwa ajili ya asubuhi za huku. Usinikasirikie muda mrefu.

Baba yako,
Gaspari


Rungwa
26 Julai 2023

Aneth mwanangu,

Hujambo? Mazengo anasema Jumanne tatu sasa hujaonekana stendi. Kila basi likisimama hapa natoka kwenda kuuliza, mpaka abiria wananifahamu. Jana mama mmoja dirishani alinipa pole kabla sijauliza.

Huku tunarina. Filipo anapanda, mimi nashika moshi chini. Sina la zaidi. Niandikie hata mstari mmoja kama ule niliokuachia mimi.

Baba


Uyole, Mbeya
7 Agosti 2023

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na hasira, na hasira ilipoisha nikawa na aibu.

Nilikasirika kwa sababu ya lile jiko. Jioni ile nilirudi nikalikuta limezimwa vizuri, majivu umeyamwaga, na makaa yaliyobaki umeyatenga pembeni yasipotee. Nikakaa chini hapo hapo na mkoba wangu begani. Sikuwasha taa.

Baba, Enock hayuko Tunduma. Au labda yuko, sijui. Aliondoka mwezi wa kumi na moja mwaka jana. Hatukugombana. Alisema amechoka, akachukua nguo zake kwenye begi la bluu, akaniachia televisheni na kodi ya miezi miwili. Nimesikia ana mtu mwingine, na huyo mtu ni mjamzito. Sisi tulikaa miaka minne bila mtoto, na mama yake alikuwa ameshaanza kuniita jina tu, bila kusema mkwe.

Nilipokuandikia uje, nilikuambia ni kwa ajili ya mguu wako. Niliandika habari za hospitali na bei ya viazi. Ukweli ni kwamba miezi mitano nilikuwa nafungua kufuli kila jioni naingia kwenye nyumba isiyo na mtu, na ilifika mahali nikawa nachelewa makusudi kazini, nafagia nyuzi chini ya mashine ambazo zimeshafagiliwa. Nilitaka mtu ndani. Nilishindwa kukuambia hivyo. Ulimpa Enock mikono miwili siku ile ya harusi, ukamwambia kanisani mbele ya watu, "Huyu ndiye mtoto aliyebaki kwangu." Ningekuambiaje?

Zile siku ishirini na sita ulizokaa, baba, kule kula viazi vya jana sikuhesabu kuwa ni shida. Nilikuwa natoka kazini saa kumi na mbili kamili. Wenzangu walinitania kwamba nimepata bwana mpya.

Sikuombi urudi. Baridi nimeiona ilivyokufanya, nilisikia usiku ukiugua mguu na kujifanya unakohoa. Na mimi kuja Rungwa nimewaza, lakini huko sina mashine wala mteja, na nitakula asali yako mpaka lini. Nimeandika tu ili ujue.

Mwanao,
Aneth


Rungwa
16 Agosti 2023

Mwanangu Aneth,

Marahaba, na pole. Nimeisoma barua yako mara nyingi, ndiyo maana nimekujibu baada ya wiki.

Nilijua. Nilijua siku ya tatu. Mlangoni hapakuwa na kiatu cha mwanaume hata kimoja, wala ndala. Mtu anayesafiri huacha ndala. Halafu yule jirani yako, mama Janeth, alikuja kuomba chumvi akanipa pole kwa yaliyompata binti yangu, akidhani nimeshaambiwa. Nikaipokea ile pole, nikampa chumvi.

Nikakusubiri useme. Kila jioni ulikuwa unaniambia Enock amepiga simu, Enock anakusalimu, Enock amekwama mpakani na mzigo. Ulikuwa unaongea huku umenipa mgongo, unachochea moto usiohitaji kuchochewa. Nikaona kwamba kuwepo kwangu kunakulazimisha kusema uongo kila siku, na uongo ule unakuchosha kuliko ile mashine. Nikafikiri nikiondoka utapumzika. Hiyo ndiyo sababu yangu. Baridi ilikuwepo kweli, na mkaa pia, lakini baridi peke yake isingenipandisha kwenye basi nikiwa sijakuaga.

Ningekuuliza. Nilikuwa na siku ishirini na tatu za kukuuliza. Mama yako angekuuliza siku hiyo hiyo, kabla chumvi haijafika kwa jirani. Mimi niliogopa, nikajiambia ni heshima.

Sasa sikiliza. Mtu aliyeondoka ameondoka. Hukunivunjia kitu. Yale maneno ya kanisani niliyasema kwa ajili yako, siyo kwa ajili yake.

Mizinga nimemwachia Filipo. Atarina, nusu yake, nusu yangu, na yangu ataituma kwa Mazengo. Asali ya huku inauzika huko, nilishaulizia bei kwa mwenye duka moja la mbegu wakati ule nilipokuwa kwako. Kwa hiyo mkaa nitaununua mimi. Nyumba nimemkabidhi kijana wa jirani yetu Raheli na mke wake, ndio kwanza wameoana na walikuwa wanalala jikoni kwa mama yake. Nilipowapa ufunguo, yule binti aliufunga kwenye pindo la kitenge mbele yangu, nami nikaondoka haraka kidogo.

Sijui kama nitaizoea baridi. Huenda nisiizoee. Mguu utauma, nami nitaugua kwa sauti, sitajifanya nakohoa. Wewe nawe ukitaka kulia, lia nikiwepo.

Nitapanda basi la Alhamisi, tarehe ishirini na nne. Usiombe ruhusa kazini kuja kunipokea, watakukata siku. Nimeshapajua. Nitashuka, nitauliza pikipiki ya bei nafuu, na funguo nitazikuta kwa mama Janeth.

Wewe toka saa kumi na mbili kamili.

Baba yako,
Gaspari