Kanda ya Chumba cha Wanawake

Biryogo, Kigali
24 Juni 1993

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Zulfa,

Asalamu alekumu, mama, na shikamoo nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kigoma, na kwamba mama mdogo amejifungua salama. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Vita vya kaskazini tunavisikia redioni tu, ingawa vizuizi vya barabarani vimeongezeka. Cherehani yako naitia mafuta kila Ijumaa, na wateja wako wanakuuliza mpaka nimechoka kujibu.

Nakuandikia haraka kwa kuwa unarudi mwezi ujao, na kuna habari nataka uipate kwangu kabla wanawake wa bombani hawajakupokea nayo. Niruhusu nianze na upande mtamu.

Mama, mwanao ni bingwa! Ulicheka nilipoanza kunyanyua vyuma kwa Médiatrice, yule mwalimu wa jimunastiki. Ulisema nitaota mabega ya mchukuzi na nitakosa mume. Mume bado sijamwona, lakini mabega yapo, na nayapenda. Chuma chetu ni ekseli ya gari, na uzito wake ni mikebe ya maziwa ya unga iliyojazwa saruji. Unalala chali kwenye benchi, unakishusha hadi kifuani, unakisukuma juu, tena na tena, mpaka mikono ikatae.

Médiatrice ana daftari lake. Mwezi wa tatu alitupima kwa wiki kadhaa: siku moja kimya, siku moja kwa muziki aliouchagua yeye, siku moja kila mtu na kanda aipendayo. Mimi kimya nilisukuma mara tisa. Kwa kanda yake ya bendi ya Zaire, kumi na moja. Kwa kanda yangu, kumi na tano! Wenzangu nao walipanda hivyo hivyo, isipokuwa mmoja anayesema kelele zinamchanganya. Médiatrice akasema kwa Kiswahili chake, "Mwamini, nguvu iko kwa mukono, lakini hii muziki iko inasahaulisha mukono uchovu." Akaniuliza nani anayeimba. Nikamjibu kuwa ni kanda ya harusi tu.

Mashindano yalikuwa Jumapili iliyopita, katika ukumbi wa shule, na safari hii wanaume nao waliruhusiwa kutazama. Mukagasana, muuguzi kutoka Ndera, alisukuma mara kumi na tano, ukumbi ukarindima. Ndiye aliyekuwa amesema mlangoni kwamba wanawake wa Biryogo wanajua kuinua sindano tu. Kila mshindani alimpa kanda yake Léonce, fundi wa vipaza sauti. Mkobani nilikuwa nazo mbili, na nilikuwa nimejiapiza kutumia ile ya bendi niliyoazima kwa Médiatrice. Lakini ya bendi haijawahi kunifikisha hata kumi na mbili. Nikampa ile nyingine, nikasukuma mara kumi na saba. Mukagasana mwenyewe alikuja kunishika mkono.

Sasa upande mchungu. Kanda ile ni wewe, mama. Ni harusi ya binti wa Mzee Usumani, chumba cha wanawake, wewe na dufu lako. Nakumbuka ulivyosimama mlangoni ukipekua mikoba kutafuta redio, maana nyimbo za chumba cha ndani hazitoki nje wala hazisikiwi na mwanamume. Wangu hukuupekua kwa sababu mimi ni mwanao. Redio ya kunasia niliipitisha humo, kisha nikaificha katika beseni la zawadi, chini ya vitenge. Nimekuficha miaka miwili.

Na mambo hayakuishia hapo. Nilipofika mara ya kumi na tatu, mikono imeanza kukataa, ndipo ukaingia ubeti wa kumtania Mzee Usumani, fundi anayeshona suruali za mji mzima na yake ina viraka viwili nyuma. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa safu ya mbele. Watu wakacheka, yeye akainuka, akatoka. Ningeweza kumwashiria Léonce azime. Sikumwashiria. Niliisikia sauti yako inapanda, nikasukuma mara nne zaidi. Léonce aliponiuliza kwenye kipaza sauti mwimbaji ni nani, nilitaja jina lako lote, Zulfa binti Rajabu wa Biryogo, na makofi yako yalikuwa mengi kuliko yangu.

Asubuhi yake nilikwenda kumwomba radhi Mzee Usumani. Nilimkuta amevaa suruali mpya. Akasema, "Mama yako alikosea hesabu. Viraka ilikuwa tatu." Lakini akaniambia pia kwamba deni la radhi si lake, ni lako.

Amesema kweli. Nisamehe kwa kukuficha na kwa kuvunja sharti lako mbele za watu. Kwa kutaja jina lako siombi radhi, maana nitakuwa nadanganya. Sijawahi kujivuna vile tangu nizaliwe. Wengi wanaiomba kanda ile, sijampa mtu. Nimeifungia sandukuni mwako, na ukitaka kuichoma, kiberiti nitakuletea mwenyewe. Ila umewaimbia watu miaka ishirini, mama, na sauti yako wewe hujawahi kuisikia. Isikilize kwanza, mara moja tu.

Mbusu mtoto mchanga, na mama mdogo umpe salamu zangu zote. Mungu akurejeshe salama.

Mwanao akupendaye,
Mwamini