Haikuwa Sigara ya Edmond

Majengo, Goma
20 Machi 1978

Mpendwa Mama mdogo Mukamugema,

Nakusalimu kwa heshima nyingi. Hujambo wewe, na watoto wa huko Lubumbashi je? Lile goti lako limepona? Mimi ni mzima, mke wangu Nyiramahirwe pia, na mvua imenyesha vizuri. Lakini si wote wazima.

Kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Mwanao Edmond ameungua. Yu hai, Mama, hilo nalitanguliza. Ameungua mikono yote miwili na uso, yuko hospitali, na Léoncie mkewe haondoki kando ya kitanda chake. Daktari anasema macho yamesalimika. Vidole bado hajui.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 11, siku ya salongo, ile kazi ya usafi ya lazima. Tulisikia wakubwa watapita kukagua usafi, hata kwenye kiwanda chetu cha chakula cha kuku na ng'ombe. Vumbi la mahindi lilikuwa limelala juu ya boriti za paa miaka mingi, nene kama blanketi. Mimi kapita, msimamizi wao, nikawapa watu mafagio, nikasema pandeni, fagieni. Mashine ya kusaga sikuizima, maana nilitaka magunia ya siku ile yatimie pia. Vumbi likajaa nyumba nzima hata hatukuonana. Mashine, sijui ilimeza msumari au jiwe, ikatoa cheche, na hewa yenyewe ikashika moto. Sisi wengine tulikuwa karibu na mlango; Edmond alikuwa juu kabisa. Mabati yaliruka hadi barabarani. Huku Majengo watu walikimbia na magodoro vichwani, wakidhani mlima wa moto umepasuka tena kama mwaka jana.

Utasema, nani angejua chakula cha kuku kinaweza kulipuka? Fundi wa mashine alijua. Alikwisha kuniambia: zima kwanza, halafu fagia. Nilimcheka, nikamwita mwoga.

Sasa mkurugenzi ameandika kwamba Edmond alivuta sigara ndani, kwa hiyo hana haki ya matibabu wala kazi. Wote wameamini, na wewe ungeamini, jinsi ulivyokuwa ukimgombeza kwa moshi wake. Lakini sigara za wafanyakazi nazikusanya mimi mlangoni kila asubuhi. Pakiti yake ilikuwa mfukoni mwa koti langu. Nilijua, Mama, na bado nilitia sahihi karatasi ile. Niliogopa. Naona aibu hata kukuandikia.

Jana nilimwungamia Edmond. Nilidhani atanitukana. Alisema tu, akiniita kaka mkubwa kama siku zote: "Yaya, unyamaze. Bakikufukuza na weye, nani atalisha batoto yangu?" Nilitoka nje nikalia.

Leo asubuhi sikumtii. Nilimpelekea mkaguzi wa kazi ile pakiti, nikasema yote. Kazi yangu naihesabu imekwisha; pengine watanifunga. Edmond hajajua. Watoto wake wako kwetu, na Nyiramahirwe ana shamba la maharage kule Kibati. Hawatalala njaa.

Nisalimie Baba mdogo Zéphirin na dada Perpétue. Mungu awafunike kwa mkono wake, naye amwachie Edmond vidole vyake. Ukimwandikia, mwandikie maneno matamu tu, Léoncie atamsomea. Makali yote niandikie mimi.

Akupendaye, hata ukinikataa,
mwana wa dada yako,

Habarurema