Usiizime Kompyuta

Baba Watoto,

Chakula kiko jikoni, kimefunikwa. Mbembeleze mama yako ale. Kompyuta USIIZIME.

Tangu uipunguzie kasi, eti tuokoe umeme, inajivuta kama wewe ukiulizwa ulikuwa wapi. Asubuhi nilimwandikia dada yangu kwamba mama yako anakoroma kama jenereta. Skrini ikabaki nyeupe. Nikadhani imekufa, nikaenda kuoga. Mama akaja kukaa pale na chai yake, herufi zikaanza kutoka moja moja. Nikamsikia toka bafuni akizisoma kwa sauti, mpaka “jenereta”.

Amejifungia chumbani. Anasema jenereta haili chakula cha watu.

~~Mwambie ni wewe uliyeandika.~~ Acha tu. Nimeshamwandikia samahani, kwenye kompyuta hiyohiyo. Ikianza kutoka, mwite asome.

Mama Watoto