Alama Mbili Asubuhi

Kibakwe,
12 Machi 1995

Shemeji Rajabu,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Sisi huku tunaamka na tunalala, mvua inanyesha vizuri na mahindi yamefika kiunoni. Tangu tuachane kwenye arobaini ya dada Anifa sijapata neno lako. Unakula? Mume wangu Abdulnasiri anakusalimu. Anasema mizani uliyomtengenezea dukani haijamdanganya hata siku moja, tofauti na wateja wake.

Shemeji, Zaitun wangu, ambaye ni mwanao pia, anaumwa. Tangu Januari alikuwa anamaliza ndoo ya maji peke yake, anakwenda chooni kila saa, na amekonda hadi sare ya shule inamning'inia kama imeanikwa. Tulimpeleka hospitali Mpwapwa, wakasema kisukari, ule ule wa dada, wa kuchoma sindano. Miaka kumi na miwili tu. Niliposikia nilikaa chini pale pale koridoni, mpaka mhudumu akanizunguka na ndoo yake.

Wametupa dawa, wakatuandikia kipimo kidogo cha kuanzia, turudi baada ya wiki tano. Lakini tukichemsha mkojo kwenye ile dawa ya bluu ya kupimia sukari bado unageuka rangi ya tofali. Naona dawa haitoshi, na wiki tano ni nyingi. Nimekumbuka lile daftari ambalo wewe na dada mlikuwa mkiandika chakula na sindano. Nakuomba uniazime. Wewe ndiye uliyempimia miaka kumi na moja, hakuna mtu mwingine ninayemjua anayejua kazi hii.

Shemeji yako,
Khairat


Kizota, Dodoma,
24 Machi 1995

Shemeji Khairat,

Waalaykum salaam, na marahaba. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, ila bado napika ugali wa watu wawili. Nikishaugeuza ndipo nakumbuka.

Habari ya Zaitun imenikata maini. Nimempa kondakta wa basi la Mpwapwa kifurushi, amwachie Abdulnasiri. Ndani kuna daftari na kikombe cha bati. Kikombe nilikipima mwenyewe kwenye mizani ya karakana, ndiyo maana kina mstari wa msumari kwa ndani. Unga ukifika kwenye mstari, ugali wake ni mafungu manne. Fungu ndilo neno tulilofundishwa kliniki. Kipande kimoja cha mkate ni fungu, nusu kikombe cha uji ni fungu, kiazi cha ukubwa wa yai ni fungu. Unahesabu mafungu kwanza, ndipo unavuta dawa.

Kwa Anifa ilikuwa hivi. Asubuhi, kila fungu moja alama mbili za sindano. Mchana, fungu moja alama moja. Jioni, mafungu mawili alama tatu. Usimpe Zaitun chakula cha mtu mzima, mpe nusu. Akila mafungu machache dawa nayo itapungua yenyewe, kwa hiyo hakuna hatari. Kilo ya sukari Dodoma ni kilo Kibakwe pia.

Chupa ya dawa iweke kwenye chungu chenye mchanga mbichi, kivulini. Ukurasa wa mwezi wa nane mwaka juzi umechafuka mchuzi. Siku hiyo Anifa alikuwa anaandika huku anacheka, sikumbuki kwa nini. Usiufute.

Shemeji yako,
Rajabu


Kizota,
30 Aprili 1995

Shemeji Khairat,

Nawasalimu wote, wakubwa kwa wadogo. Mwezi umekwisha na sijapata jibu. Kondakta ameapa kwamba kifurushi kilifika, alimpa Abdulnasiri mkononi.

Karakana ina kazi nyingi. Siku hizi kila mtu amefungua duka na kila duka linataka mizani, kwa hiyo mchana unapita. Jioni ndiyo ndefu. Nimeanza kwenda stendi basi la Mpwapwa likifika, nasimama kidogo na kumtazama kondakta, naye anatikisa kichwa kabla sijamuuliza. Jana ameniambia, "Mzee, ungekuwa na mchumba huko ningeelewa."

Niandikie hata mstari mmoja. Mtoto yukoje?

Shemeji yako,
Rajabu


Kibakwe,
17 Mei 1995

Shemeji,

Assalaam alaykum. Zaitun yu hai. Nimeanza na hilo ili usisome barua yote kwa hofu.

Nilifuata daftari kama ulivyoeleza. Siku mbili za kwanza alikuwa analegea tu, jasho linamtoka, tukadhani ni ugonjwa wenyewe. Siku ya tatu alikunywa uji mafungu matatu, nikamchoma alama sita, akaenda shule. Saa nne wakaja kuniita. Alikuwa amelala chini nyuma ya darasa, anatetemeka, anamtukana mwalimu wake, yeye ambaye hajui kutukana. Kisha akanyamaza, hakujua hata jina lake. Jirani yangu Emiliana ndiye aliyeniwahi na asali. Akampaka ndani ya mashavu kwa kidole, anapaka na kusali, mpaka mtoto akafumbua macho akauliza kwa nini mdomo wake unanata.

Tulilala hospitali siku nne. Dawa ilikuwa imezidi, sukari ikashuka mno. Nilimwonyesha daktari daftari. Alilisoma taratibu kurasa nyingi, akasema, "Huyu aliyeandika alikuwa mwangalifu sana. Lakini hiki ni kipimo chake yeye." Alisema dawa ile ile na ugali ule ule havifanyi kazi sawa kwa watu wawili. Dada alikuwa mtu mzima, mnene kidogo, anakaa cherehani kutwa. Zaitun ni mwembamba na anapanda vilima hivi mara nne kwa siku. Kwake alama moja inabeba chakula ambacho kwa dada kilihitaji mbili. Kumpunguzia ugali hakukutosha, hesabu yenyewe ndiyo haikuwa yake.

Nilimuuliza pia kwa nini asubuhi alama ni nyingi kuliko mchana. Akasema kwa watu wengi wenye ugonjwa huu ndivyo ilivyo. Kabla ya kupambazuka mwili wenyewe unajitolea sukari kutoka kwenye akiba yake ili mtu aamke, hata kama hajatia kitu mdomoni. Kwa hiyo fungu la asubuhi linataka dawa zaidi ya fungu la mchana, na kiasi hicho nacho kinatofautiana kwa kila mtu.

Sikuandika mapema kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua niielekeze wapi. Mimi ndiye niliyeomba, na mimi ndiye niliyeacha kipimo cha daktari. Sikulaumu, shemeji. Nilitaka tu ujue.

Khairat


Kizota,
2 Juni 1995

Shemeji Khairat,

Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa. Alhamdulillahi kwa uhai wa mtoto. Mpe Emiliana shukrani zangu. Simjui, lakini leo ni ndugu yangu.

Ni mimi niliyeandika kwamba hakuna hatari. Nisamehe, na umwombe Zaitun anisamehe.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Mkojo wa Anifa wa asubuhi ulikuwa ukigeuka rangi ya tofali karibu kila siku, na jana yake jioni ulikuwa wa bluu safi. Mimi niliona jibu ni moja tu, kwamba anaamka alfajiri anakula sukari. Kazini nikikuta mizani inasoma zaidi ya jiwe la kupimia, najua kuna kitu kimewekwa juu yake. Nikalichukua kopo la sukari nikalifungia kwenye sanduku la vifaa, na ufunguo nikautia mfukoni. Asubuhi bado ikawa rangi ya tofali. Nikafungia na mkate. Aliniambia, "Rajabu, mimi sijala kitu." Nikamwambia mkojo hausemi uongo. Hakubishana tena. Daktari alipomwongezea dawa ya asubuhi nilifikiri amekata tamaa tu na wizi wake.

Alikuwa anaamka kabla yangu, anawasha jiko, anakaa ananingoja nije nifungue sanduku ili atie sukari kwenye chai yangu mimi. Yangu, si yake. Alifanya hivyo miaka mingi, na wala hakununa.

Daktari wenu amemsafisha Anifa, na mimi sina wa kumpelekea habari hiyo. Jana nilikwenda makaburini nikasema kwa sauti. Palikuwa na watu wanaokata nyasi, nikaona aibu nikaondoka.

Lile daftari lichome, au nirudishie. Lisikae tena karibu na mtoto.

Rajabu


Kibakwe,
9 Novemba 1996

Shemeji Rajabu,

Assalaam alaykum. Hatujaandikiana mwaka na zaidi, na kosa ni letu sote. Huku tu wazima, tunangoja mvua. Emiliana anakusalimu, anakuita yule ndugu wa barua.

Daftari sikulichoma wala sikulirudisha. Zaitun alinikataza. Aligeuza upande wa nyuma akaanza kuandika vyake, na sasa kurasa zake zinakaribia kukutana na za dada. Tulihangaika miezi minane na daktari, kuongeza kidogo, kupunguza kidogo, kungoja. Sasa kwake asubuhi ni fungu moja alama moja, mchana ni mafungu mawili alama moja, na jioni iko katikati. Siku ya kulima anapunguza. Akiwa na homa anaongeza. Kila baada ya miezi kadhaa inabadilika kwa sababu anakua, ndipo wanaanza upya.

Amemaliza darasa la saba na amechaguliwa sekondari hapo mjini, ya kutwa. Hatuna ndugu mwingine Dodoma. Nakuomba akae kwako kuanzia Januari.

Shemeji yako,
Khairat


Kizota,
21 Novemba 1996

Shemeji Khairat,

Waalaykum salaam. Nimefurahi kwa Zaitun, nimewaambia karakana nzima, mpaka wakaniuliza kama ni mwanangu. Nikasema ndiyo.

Lakini asije kwangu. Nimejipima na nimeona siwezi. Nitamtazama anakula na moyo utanitoka. Mtafutieni nyumba Area D, kuna familia za watumishi zenye friji na watu wengi ndani. Hapa ni mimi na vyuma. Nikikosea mara ya pili sitakuwa na uso wa kumwangalia mtu yeyote.

Usinione mbaya.

Rajabu


Kibakwe,
6 Desemba 1996

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Ni mimi Zaitun. Mama amelia, halafu amekasirika, sasa anafua kwa nguvu. Kwa hiyo naandika mimi.

Sikuombi unipimie. Nilikuwa mdogo, sasa napima mwenyewe, na hata mama haruhusiwi kugusa sindano yangu. Naomba mahali pa kulala na jiko. Area D simjui mtu. Hao wenye friji nitawaeleza nini nikianza kuwatukana saa nne asubuhi?

Hiyo ndiyo kazi ninayohitaji mtu, Baba Mkubwa. Sukari yangu ikishuka mimi sijui, wanajua wanaonitazama. Midomo inakuwa myeupe. Nakuwa mbishi kwa jambo dogo, au nacheka peke yangu. Hapo usiniulize hesabu, nipe kitu cha sukari kwanza, halafu tutagombana. Lakini nikisema sijala kitu, ujue sijala. Mama amenisomea barua yako ya mwaka jana, usimkasirikie.

Kurasa za Mama Mkubwa nimezisoma zote. Kuna siku ameandika "mafungu matatu, na Rajabu kaniongezea nyama." Aliandika hivyo mara nyingi. Nyama haihesabiwi kwenye mafungu, kwa hiyo sijui kwa nini aliiandika.

Shule inafunguliwa tarehe kumi na tatu Januari. Nitakuja na basi la tarehe kumi na moja, Jumamosi. Ukiwa hutaki, usije stendi.

Mwanao,
Zaitun


Kizota,
2 Februari 1997

Shemeji Khairat,

Nawasalimu nyote, na Emiliana. Mtoto ni mzima, shule anakwenda, amenunua chungu kingine cha dawa kwa sababu changu alisema kina ufa.

Nilifika stendi saa mbili nzima kabla ya basi kufika.

Nakueleza ya jana ili ulale vizuri. Alirudi kwa miguu kutoka mjini, jua kali, nikapakua ugali na mlenda. Alihesabu mafungu manne. Moyoni nikasema alama mbili, kwa sababu mchana kwake ndiyo hivyo, uliniandikia. Nikamwona anavuta moja. Nilitaka kusema. Nilishika ukingo wa kiti nisiseme. Akanitazama akasema, "Nimetembea sana leo, Baba Mkubwa. Mbili zitaniangusha." Akachoma, akaanza kula.

Mimi sikula. Nilikuwa namtazama midomo, namtazama mikono, kama dakika kumi nzima. Akaniuliza, "Mbona unaniangalia hivyo?"

Nikamwambia, "Ndiyo kazi niliyopewa."

Akasema, "Basi ifanye huku unakula."

Nikanawa mikono, nikasogeza sahani.

Shemeji yako,
Rajabu